Sawazisha

Baba aliniachia gereji ya matairi pale Ísafjörður
na simu ya vitufe yenye majina mia mbili na arobaini.
Hajafa. Yuko ghorofani, anakula samaki mkavu kwa siagi
na kusikiliza utabiri wa hewa kama mtu anayeidai.
Alichoacha ni kazi tu, kwa sababu ya magoti.

Kwake majina hayakuwa majina.
Subaru Nyekundu. Mke Ndiye Mwenye Pesa.
Gunnlaugur, Usipige Kabla ya Kahawa.
Trela: Hulipa Akikumbushwa Mara Mbili.
Mimi nikanunua programu ya ng'ambo,
nikafunga pamoja simu yangu, kompyuta ya ofisi
na tableti ya Eyvindur, yenye grisi hadi kwenye kamera.
Nikabonyeza: Sawazisha.

Programu haikutujua.
Ilidai jina la ukoo, na sisi huku hatuna ukoo wa kuandika,
tuna baba tu: binti Jón, mwana wa Jón,
na akina Jón ni wengi kuliko kondoo.
Ikawakusanya mabinti kumi na saba,
ikawafanya nyumba moja.
Sigríður wa mahesabu, Sigríður mkunga,
Sigríður shangazi, asiyenisemesha tangu mazishi ya bibi,
watatu wakawa mmoja mwenye namba tatu.
Mkunga akapelekewa ankara ya matairi manne ya misumari.
Akalipa. Alidhani ni mchango wa kanisa.

Na ile habari ya kahawa, ile ya mke na pesa,
haikuvuka. Hapakuwa na kisanduku chake.
Nilimpigia Gunnlaugur saa moja asubuhi;
sasa ananunua matairi kwingine.

Usiku wa Jumanne nikamfuta Hrafnkell,
kitandani, kwa kidole gumba.
Miaka kumi na moja ya ndoa, mibonyezo miwili:
Una uhakika?
Ndiyo.
Nikalifuata hata pipa la taka, nikalimwaga.
Maji yakimwagika hayazoleki, walisema watu wazima,
lakini jina lililofutwa hukaa siku thelathini likikusubiri,
na mimi sikutaka kusubiriwa.

Alfajiri theluji ilikuwa imefika kwenye kitasa.
Eyvindur akapiga: "Mwenye greda hayumo."
Hayumo vipi?
Hayumo kwenye tableti, hayumo ofisini,
hayumo hata kule juu wanakokuita wingu.
Wateja sita nje ya lango, taa zimewashwa, hawaingii.

Mimi nilikuwa nimeachana na mume.
Programu ikamwachisha kazi mkandarasi.

Nikapanda ngazi. Baba hakuuliza kitu,
alipunguza redio kidogo:
"Nyuma ya kompresa."
Na nyuma ya kompresa, ukutani, kwa penseli ya fundi,
namba zote alizoona hazifai kukaa kwenye simu:
daktari wa farasi, mtu wa mafuta, jirani mwenye ufunguo,
na moja, imekolezwa mara mbili:
Mkwe. Apigiwe usiku wowote.

Alikuja. Akafyeka theluji mpaka lami ikaonekana.
Hakushuka. Aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani,
kama anavyowainulia watu wote.

Mchana Eyvindur akamwingiza upya kwenye tableti: Greda.
Mimi, kwa haraka, au sijui kwa nini,
nilikuwa nikinakili ukuta ulivyo, mstari kwa mstari.
Simu ikatetemeka juu ya rundo la matairi:
"Greda" na "Mkwe" wana namba moja. Unganisha?

Nilikuwa nimevaa glavu.
Kioo hakisikii glavu.
Nikaendelea kufunga nati, ya tatu, ya nne,
swali likiwaka, likififia, likiwaka.